Macho Makavu ya Niyokwizera

Mwaka ule wakimbizi walipoingia, mji wa Biharamulo ulijaa ukafurika. Malori ya maharage na maturubai yalipanga foleni kutoka sokoni mpaka chini ya boma la Wajerumani, chai ikapanda bei, na kwenye stendi ya mabasi hata mbwa walikosa pa kulala. Katikati ya purukushani hiyo, Alhamisi moja asubuhi, kiatu cha Niyokwizera kilikatika kisigino.

Alikuwa amevaa gauni la bluu lenye kola nyeupe, alilolishona mama yake kwa ajili ya safari hiyo, na mkononi alishika mfuko wa kitenge wenye nguo mbili, rozari na barua ya kazi. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Wazazi wake walivuka mpaka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, yeye akiwa tumboni, wakapata shamba Kaniha, na huko ndiko alikozaliwa na kukulia. Kwa kuwa alijua Kirundi cha nyumbani na Kiswahili cha shule, hospitali ya misheni kule Rulenge ilimwita akawe mkalimani wa wagonjwa waliokuwa wakiletwa kila siku kutoka kambini.

Fundi viatu, mzee Ngeleja, alimwonyesha benchi. "Kaa hapo binti. Weka mguu juu ya boksi, usikanyage matope."

Kwenye benchi alikuwapo kijana wa suruali ya kaki na shati jeupe lililokunjwa mikono. Mguu mmoja ulikuwa na kiatu, mwingine soksi yenye tundu kwenye kidole gumba.

"Karibu kwenye chama cha mguu mmoja," alisema kijana.

Niyo, kama walivyomwita nyumbani, aliitazama ile soksi. "Kumbe mwenyekiti mwenyewe ametoboka."

Mzee Ngeleja alicheka mpaka sindano ikamponyoka.

"Naitwa Laurian. Naendesha lile lori la kijani la misheni. Leo naenda Rulenge."

"Sikukuuliza."

"Najua. Nimejibu mapema, nisikuchoshe kuuliza."

"Si wewe binti uliyekuwa unatafuta basi la Rulenge?" Ngeleja alidakia bila kuinua macho. "Lile limeharibika tangu juzi."

"Fundi!"

"Mimi nashona viatu tu, mama."

Niyo aliuvuta mfuko wake karibu. "Sipandi gari la mtu nisiyemjua jina la mama yake."

"Speciosa," Laurian alisema papo hapo. "Ni mjane, anakaa kwa kaka yake, mjomba Nyandwi, ng'ambo ya kijito cha Kaniha. Anaimba kwaya sauti ya kwanza. Mwaka jana alinichapa na mwiko, mimi na ndevu zangu hizi."

"Kwa kosa gani?"

"Nilimdanganya kwamba nimeshiba."

Niyo alijikuta anacheka. Mtu wa ng'ambo ya kijito chao si mgeni kabisa, na huyo mama Speciosa alimfahamu kwa sura kanisani.

Lori lilikuwa refu, na ngazi yake ilikuwa imepinda. Pale stendi makondakta walikuwa na desturi ya kumkamata msichana kwenye kiwiko na kumvuta kwenye basi kama mzigo, na wasichana walikuwa wamezoea. Laurian alinyoosha mkono, kisha akausimamisha hewani.

"Nikushike, au utapanda mwenyewe?"

Niyo alimtazama. Tangu azaliwe alikuwa ameshikwa, amevutwa, amesukumwa na kubebwa na watu wengi, wengine kwa mapenzi kabisa. Hakukumbuka hata mmoja aliyeuliza.

"Nitapanda mwenyewe."

"Haya." Laurian akatia mkono mfukoni. Niyo aliteleza mara mbili kabla ya kufika juu, na muda wote huo Laurian alikuwa akitazama mawingu kana kwamba anasubiri mvua. Kuna wema mdogo kama punje ya ulezi. Lakini mwenye njaa hauachi uanguke chini.

*

Kule Rulenge Niyo alifanya kazi chini ya Sista Adelfina, muuguzi mkuu, mwanamke mfupi mwenye mikono ya joto. Wagonjwa walikuwa wengi kuliko vitanda. Hata hivyo Sista alikuwa na jambo moja ambalo hakulipunguza hata siku ya haraka.

"Niyo, mwambie nataka kumfunua bega nisafishe kidonda. Muulize kama anakubali."

Palikuwa na mwanamke mmoja aliyeletwa kutoka njiani, ambaye vita vilikuwa vimemfanyia mambo ambayo hakuna aliyemtaka ayasimulie. Wiki mbili hakusema neno. Sista alimuuliza kila siku, Niyo akatafsiri kila siku, na yule mama akatazama ukuta. Jumatatu moja midomo yake ikatikisika.

"Oya," alisema kwa Kirundi. Hapana.

Niyo alisikitika. Lakini Sista Adelfina alirudisha mikono nyuma na uso wake ukang'aa. "Mwambie asante. Mwambie nimesikia, na nitarudi kesho."

Kesho yake yule mama akasema, "Ego." Ndiyo. Akajifunua bega mwenyewe.

Mchana huo kengele ya kanisa iligonga saa sita, na kama desturi, kila mtu alisimama alipokuwa akasali sala ya Malaika wa Bwana. Sala ilipokwisha, Niyo aliuliza, "Sista, jana ulifurahia nini? Alikukatalia."

"Mwanangu, mtu asiyeruhusiwa kusema hapana, ndiyo yake ina maana gani?" Sista alijifuta mikono kwa aproni. "Hii kengele inatukumbusha nini kila siku? Mungu ndiye aliyemuumba Mariamu, kucha mpaka nywele. Angeweza kufanya alivyotaka. Lakini alimtuma malaika kuuliza, na malaika akakaa akangoja binti wa kijijini ajibu. Mwili ni hekalu, na hekaluni hata Mwenyewe alibisha hodi. Sasa sisi ni akina nani tuingie bila hodi?"

Maneno yale yalimkaa Niyo moyoni.

Redio ya misheni ilikuwa kwenye chumba kidogo karibu na stoo ya dawa. Saa kumi jioni vituo vyote viliwasha redio, kila msemaji akimalizia kwa "ova" ili mwenzake ajibu, na Niyo alipewa kazi ya kusoma orodha ya mahitaji kwa kuwa sauti yake ilipenya vizuri. Wiki ya tatu, sauti ya Biharamulo ilibadilika.

"Biharamulo, Biharamulo, hapa Rulenge. Unanipata? Ova."

"Nakupata mpaka kwenye mifupa. Ova."

"Nani huyo? Ova."

"Mwenyekiti wa chama cha mguu mmoja. Karani ana malaria, nimeshika nafasi yake. Ova."

Niyo aliziba mdomo asicheke. "Andika. Kwinini, maboksi matatu. Chumvi, gunia moja. Sabuni za mche, katoni mbili. Ova."

"Kwinini, chumvi, sabuni. Soksi je? Ova."

"Soksi hazimo kwenye orodha. Ova."

"Ziongeze, mpenzi. Zangu zimetoboka kwa kukuwaza. Ova."

Sauti nzito ya kituo kingine ikaingilia. "Rulenge, mpe huyo kijana soksi tumalize! Sisi huku tunahitaji saruji. Ova!"

Basi ikawa hivyo miezi minne. Malaria ya karani ilikuwa ya ajabu, ikimpata kila Jumanne na Ijumaa. Lori la kijani nalo lilifika Rulenge kila wiki, likileta dawa na dereva aliyenyoa ndevu vizuri.

Jumapili moja ya Novemba, baada ya misa, walikaa kwenye ngazi za kanisa wakila ndizi mbivu.

"Niyo wangu, nataka kuwatuma wazee kwenu."

"Ngoja, Laurian."

"Kuna mwingine?"

"Hakuna mwingine, mpumbavu wewe." Alimenya ndizi ya pili pole pole. "Nikwambie habari ya mama yangu. Yeye hakuulizwa. Alikuwa anachota maji, ndugu za baba wakamnyanyua, kama desturi ya wazee wetu, guterura. Alilia. Na unajua kwetu bibi harusi lazima alie, asipolia wanasema hana adabu. Basi wanawake waliokuwa shambani wakapiga vigelegele. Wakasema, sikieni anavyolia vizuri, huyu kalelewa. Mama alikuwa analia kweli, Laurian. Nani angejua?"

Laurian aliacha kutafuna.

"Baba yangu ni mtu mwema," Niyo aliendelea. "Wamepatana, wamezeeka. Lakini mimi nimejiapiza. Jibu langu litatoka kinywani mwangu, siku nitakayoijua mimi. Usitume mtu kabla sijasema. Niahidi."

"Nakuahidi. Hata iwe miaka mitano."

"Isiwe mitano, bwana."

"Aa! Sasa nani anamharakisha mwenzake?"

Alimpiga kwa ganda la ndizi, na Laurian akalitia mfukoni akisema ataliweka kama kumbukumbu.

*

Wiki moja kabla ya Krismasi Niyo alipata likizo. Alishuka barabarani saa tisa alasiri, jua kali, amevaa kitenge cha njano na viatu vilivyoshonwa na Ngeleja, akashika njia ya kijito. Alikuwa akiimba.

Wanaume watano walitoka kwenye migomba. Wa mbele alikuwa mzee mwenye koti la kanisani, akitabasamu mpaka kwenye fizi. Nyuma yake wanne walibeba machela mpya ya kusukwa, ile ya kubebea wagonjwa na mabibi harusi.

"Karibu, bibi harusi wetu!" alisema mjomba Nyandwi.

"Hapana, mjomba! Niacheni! Sitaki!"

Walimnyanyua. Si kwa ukali, hata alihisi wanavyojitahidi asiumie, na hilo lilizidi kumtia wazimu. Alipiga kelele mpaka sauti ikakwaruza. Wanawake waliokuwa wakipalilia maharage bondeni waliinua majembe, wakapiga vigelegele. "Lia mwanangu, lia!" alimwambia bibi mmoja kwa upendo. "Usituaibishe!"

Niyo aliijua machela. Kila siku aliwapokea watu waliofika hospitalini wamelala ndani yake. Lakini wale wote walikuwa wameomba kubebwa.

Nyumbani kwa Nyandwi walimkalisha kwenye mkeka mpya. Wanawake walileta samli ya kumpaka na kibuyu cha maziwa. Kila alipolia, walimsifu. Kila aliposema sitaki, walitazamana na kutikisa vichwa kwa kuridhika. Ilikuwa kama kupiga kelele ndani ya maji.

Ndipo akamkumbuka yule mama wa wodini. Yeye hakupiga kelele. Alilisema neno lake mara moja, kwa mtu aliyekuwa anasikiliza.

Niyo alivuta pumzi. Akajifuta uso kwa pindo la kitenge mpaka ukakauka, akakaa wima, akasema, "Namtaka mama Speciosa."

Mama Speciosa alikuja akiwa amevaa vizuri, furaha imemjaa, kibuyu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kunywa, umechoka."

"Mama, nitazame. Silii tena. Nasema kwa sauti ya chini ili usidhani ni kilio cha adabu. Sitaki. Nilimwambia mwanao angoje, nami nilikuwa bado natafuta jibu moyoni. Sikuulizwa."

Mwanamke mmoja mlangoni akaguna. "Macho makavu huyu! Hana haya hata kidogo!"

Mama Speciosa alimtazama Niyo kwa muda mrefu. Macho yalikuwa makavu kweli, mekundu na makavu. Akakiweka kibuyu chini.

"Nyamazeni," aliwaambia wanawake. "Huyu si bibi harusi. Huyu ni mtoto wa watu, anataka kwenda kwao."

Nje lori likanguruma likazimika. Laurian aliingia mbio, akaona machela ukutani, akaona samli, akamwona Niyo. Alisimama kizingitini kama mtu aliyepigwa kofi.

"Niyo, Mungu ni shahidi, sikuwatuma."

"Nani aliwaambia nitapita leo?"

Laurian aliitazama machela ukutani.

"Laurian. Nani?"

"Nilimwambia mama siku utakayokuja. Kwa furaha tu. Mjomba alikuwapo." Alijipangusa uso. "Akaniuliza, tukuletee? Nikadhani anatania. Nikacheka."

"Hukusema hapana."

"Nilicheka, Niyo."

"Basi wamesikia kicheko chako kama walivyosikia kilio changu." Alisimama, akatafuta viatu vyake. "Mimi nilikwambia habari ya mama yangu. Hakuna mtu mwingine niliyemwambia."

"Nikupeleke kwenu na lori."

"Sipandi gari lako."

Alitoka. Mjomba Nyandwi alikuwa uani, hajui aweke wapi mikono yake. Niyo alikuwa amefika kwenye migomba aliposikia nyayo nyuma. Alikuwa mama Speciosa, amejitwika ule mfuko wa kitenge uliosahauliwa.

"Nikusindikize, au unataka kwenda peke yako?" mama aliuliza, akihema.

Niyo alishindwa kujizuia, akalia sasa. "Nisindikize, mama."

Walitembea saa moja na nusu. Mama Speciosa hakumtetea mwanawe hata kwa neno moja.

*

Nyumbani habari zilikuwa zimetangulia. Baba yake, mzee Ndayisaba, alikaa kwenye kigoda, uso umemwanguka.

"Binti yangu, umekwisha kunyanyuliwa. Nchi nzima imeona. Ukikataa sasa, nani atakuoa? Kijana ni Mkristo, ana kazi, na unampenda. Waache walete ng'ombe, mambo yaishe."

"Baba, nampenda. Ndiyo maana sitaki aje aishi na mtu ambaye hakumkubali."

"Maneno ya hospitali hayo."

"Ni ya kanisani, baba. Malaika alipokuja kwa Mariamu aliuliza, akangoja. Mungu aliomba ruhusa ya kuingia. Mjomba Nyandwi ni mkubwa kuliko Mungu?"

Kwenye mafiga, Nyirabahizi, mama yake Niyo, alikuwa anakoroga uji wa ulezi. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Aliongea bila kugeuka.

"Mimi nililia kweli, Ndayisaba. Siku ile kisimani. Nilidhani umejua."

Mwiko uliendelea kuzunguka. Mzee Ndayisaba aliinuka, akatoka nje, akasimama kwenye mibuni yake muda mrefu mpaka Niyo akaogopa. Aliporudi alikuwa ameshika kofia mkononi kama mtu anayeingia kanisani.

"Mama Niyo," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Kama ningekuuliza siku ile, ungesema nini?"

Nyirabahizi aliacha kukoroga. Alimtazama mume wake kana kwamba ndiyo kwanza amefika na posa yake.

"Ningesema, nipe wiki mbili."

"Wiki mbili tu?"

"Ulikuwa kijana mzuri," alisema mama, akamimina uji. "Lakini nilizitaka wiki zangu mbili."

Mzee alikaa chini akapokea bakuli kwa mikono miwili. Hapo nyumbani suala la ng'ombe halikutajwa tena.

*

Niyo alirudi kazini. Redio saa kumi ikawa kavu.

"Biharamulo, hapa Rulenge. Unanipata? Ova."

"Nakupata. Dawa zimefika, zitaondoka Jumatano. Ova."

"Roja, nimesikia. Ova."

Hata mtu wa saruji alihuzunika. "Jamani, soksi zimeishia wapi?" aliuliza siku moja.

Laurian hakuomba. Hakutuma barua, hakutuma dada. Alileta dawa, akahesabu maboksi na mtunza stoo, akaondoka. Niyo alimwona kutoka dirishani, amekonda, shati halijapigwa pasi. Usiku alisikia uchungu, mchana akajiambia ni heri hivi. Kumbe kukataa nako kulikuwa na maumivu yake, ila maumivu hayo yalikuwa yake mwenyewe.

Mwishoni mwa Februari lori lilifika na abiria. Mjomba Nyandwi alishuka akiwa na koti lile lile la kanisani, begani machela. Laurian alibaki kwenye usukani, akitazama mbele, asije akaonekana amekuja kudai jibu.

Niyo alisita, kisha adabu ikamshinda. "Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Hata sistahili kuitikia." Aliilaza machela barazani. "Nilidhani nakusaidieni. Kwetu msichana akisema ngoja, tunasema huyo anaona haya kukubali, mbebeni. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na sikuwahi kumuuliza aliyebebwa." Alikohoa. "Mpwa wangu huyu alisimama kwenye jumuiya yetu Kaniha, mbele ya baba yako na watu wote. Akasema uliingia kwangu bila kutaka, ukatoka kama ulivyoingia, na aibu ni yetu sisi, wewe huna. Akasema kosa lake ni kicheko. Nikasimama na mimi. Mzee kama mimi, nikakiri kosa langu."

"Hakuniambia."

"Alisema akikwambia itakuwa kama anakudai." Nyandwi aliigusa machela kwa ncha ya kiatu. "Hii ni yenu sasa. Ibebe wanaoomba kubebwa."

Lori liliondoka. Juma hilo hilo machela ile ilimleta mama mwenye uchungu wa uzazi kutoka kambini, akajifungua salama mtoto wa kike. Sista Adelfina alimwambia Niyo asome jina kwenye kadi. Mama yule alikuwa amemwita Ineza, yaani wema.

Niyo alifikiri wiki mbili. Alizihesabu, siku kumi na nne, na hakuna mtu aliyemgusa ndani ya siku hizo. Jumanne ya wiki ya tatu alivaa lile gauni la bluu, akakaa mbele ya redio. Saa kumi ilifika.

"Biharamulo, Biharamulo, hapa Rulenge. Unanipata? Ova."

"Nakupata. Soma orodha. Ova."

"Kwinini, maboksi mawili. Bandeji, katoni moja." Moyo ulimpiga kama ngoma ya Pasaka. "Soksi, jozi moja. Za mwenyekiti. Ova."

Redio ilikwaruza.

"Biharamulo, umenipata? Ova."

"Rudia." Sauti ya Laurian ilikuwa imepotea nusu. "Rudia tafadhali. Ova."

"Nasema hivi, na vituo vyote vinasikia, sijali. Mimi Niyokwizera binti Ndayisaba, sikubebwa, sikusukumwa, silii. Nimefikiri, na jibu langu ni ndiyo. Ukitaka bado, tuma wazee nyumbani. Ova."

Redio ilikwaruza tena. Kisha sauti nzito ya mtu wa saruji ikapasuka. "Roja! Roja, Rulenge! Wewe kijana jibu, au nijibu mimi? Ova!"

"Nataka bado," Laurian alisema, na ilisikika wazi kwamba analia. "Nataka bado, mpenzi wangu. Ova."

"Basi jifute machozi," alisema Niyo kwa upole. "Watasema umelelewa vizuri."

*

Walifunga ndoa baada ya Pasaka, katika kanisa la Kaniha. Gauni jeupe lilishonwa na Nyirabahizi, maua yalitoka kwa Sista Adelfina, na viatu viling'arishwa na mzee Ngeleja, aliyekuja kwa lori kutoka Biharamulo na kuwaeleza watu wote kwamba ndoa ile aliianzisha yeye.

Mabibi wa mstari wa mbele walingoja. Desturi ni desturi: bibi harusi huinamisha kichwa, hujifuta macho, hujibu kwa mnong'ono padri asikie yeye tu. Padri akauliza swali ambalo kanisa huuliza siku zote na watu hawalisikilizi.

"Mmekuja hapa kwa hiari yenu, bila kulazimishwa na mtu?"

Niyo aliinua uso.

"Ndiyo," alisema, na neno likafika mpaka kwa watu waliosimama nje ya mlango.

"Macho makavu," alinong'ona bibi mmoja, yule yule wa shamba la maharage.

"Makavu kabisa," alijibu Nyirabahizi, aliyekuwa amekaa naye, amemshika mkono mama Speciosa. Nyirabahizi mwenyewe ndiye aliyekuwa analia. Alilia alivyotaka, taratibu, bila mtu kumsifu.

Nje lori la kijani lilikuwa limefungwa matawi ya mgomba. Ngazi ilikuwa imepinda vile vile. Laurian alinyoosha mkono, akausimamisha hewani, ingawa padri alikuwa amekwisha kuwafungisha ndoa na kijiji kizima kinatazama.

"Nikushike, au utapanda mwenyewe?"

Niyo alikusanya gauni lake, akautazama mkono ule ulivyokuwa ukingoja.

"Nishike," alisema.